Flashi, DVD, Blu-ray au mtandao: kwa nyumba ya Uganda, kipi kinafaa?

Kabla ya kununua deki, flashi au kifurushi cha mwezi, jiulize kwanza: filamu mnazozipenda nyumbani zinasimuliwa na sauti ya nani? Ukijibu kwamba ni sauti ya VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu kwa Kiganda, nusu ya ulinganisho huu imekwisha, maana hutamkuta VJ Jingo wala VJ Junior kwenye Blu-ray halali au ndani ya Netflix. Ukijibu kwamba unataka sauti za waigizaji wenyewe na maandishi chini ya picha, uwanja ni mpana, na hapo ndipo bei, umeme na bando huanza kuamua.

Wauzaji wengi huanza na ubora wa picha. Kwangu hilo ni jambo la tatu au la nne, na historia ya vifaa hivi inaniunga mkono. Betamax ya Sony ilitoka Japani mwaka 1975, VHS ya JVC ikafuata mwaka 1976. Wengi walikubali kwamba picha ya Betamax ilikuwa safi zaidi kidogo, lakini kanda zake za mwanzo zilibeba saa moja tu na za VHS zikabeba mbili. Filamu gani inaisha kwa saa moja? Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza deki za VHS, na mabishano yakaishia hapo. Vita ya pili, kati ya HD DVD ya Toshiba na Blu-ray ya Sony na wenzake, diski mbili za picha kali zilizotaka kurithi DVD, ilianza mwaka 2006, na Toshiba ikanyoosha mikono Februari 2008. Hiyo sisi tuliisikia redioni tu. Wakati wanagombana, huku tulikuwa tunanunua VCD na DVD.

Uganda ilikuwa na mizani yake. Kwenye kibanda cha video, VJ alikaa kando ya runinga na maikrofoni, akapunguza sauti ya filamu, akatafsiri kwa Kiganda, akambandika jambazi jina la mtaa na kumwonya shujaa ageuke nyuma. Baadaye kazi hiyo ikarekodiwa na kuuzwa: kwanza kwenye kanda, kisha kwenye diski, sasa kwenye flashi. Muundo wowote uliomwezesha mtu kurekodi sauti yake chumbani kwa vifaa vya bei nafuu na kutoa nakala jioni ileile ulipata soko. Uliomfungia mlango ulibaki dukani.

Kanda na VCD

Kanda ya VHS sitakushauri uinunue, ila wengi bado wanazo kabatini. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki zake, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Kama harusi ya wazazi au mazishi ya babu yako kwenye kanda, tafuta fundi mwenye deki inayofanya kazi na kifaa cha kuunganisha na kompyuta, ihamishwe mwaka huu. Ukungu hauna subira, na deki nzima zinazidi kupungua. Kanda iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ina tatizo jingine: ilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, nasi tumezoea PAL, kwa hiyo deki nyingi za zamani zitakuonyesha picha isiyo na rangi au inayoruka.

VCD nayo imepita. Picha yake ni nukta 352 kwa 288, diski moja inabeba dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu za Kinigeria zilikuja diski mbili na mtu akainuka kubadilisha pale mambo yalipokuwa yanachemka. Ukizikuta sokoni kwa bei ya kutupa, ziache.

DVD

DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996 na hapa bado ina kazi. Diski ya kawaida inabeba GB 4.7, yenye tabaka mbili GB 8.5, na picha ya PAL ni nukta 720 kwa 576. Kwenye runinga ya inchi 24 au 32, mtu aliyekaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule hataona upungufu mkubwa. Haihitaji bando. Unalipa mara moja, unamwazima jirani, ukichoka unaiuza. Deki yake inakula umeme kidogo, na runinga ndogo za volti 12 zinazouzwa pamoja na sola huweza kuendeshwa sambamba nayo bila kuimaliza betri kabla filamu haijaisha. Kwa nyumba ambako Yaka, umeme wa kulipia kabla, huisha usiku au laini ya umeme hukatika bila kuaga, hilo si jambo dogo.

Shida ni kwamba DVD si kitu kimoja. Igeuze uangalie chini yake. Iliyochapwa kiwandani inang'aa rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina rangi ya zambarau, kijani au buluu. Ile ya kuchomwa hutunza picha kwenye rangi ya kemikali, na kemikali hiyo huharibika kwa joto na mwanga. Ikiachwa juu ya dashibodi ya taksi kuanzia asubuhi, au dirishani penye jua la Arua mwezi wa pili, baada ya muda itaanza kukwama dakika ya arobaini, kisha deki itaikataa kabisa. Ya kiwandani huvumilia zaidi. Adui yake mkubwa ni mikwaruzo, na mara nyingi ugonjwa hauko kwenye diski bali kwenye jicho la deki, lililofunikwa na vumbi jekundu la barabara. Pamba yenye spiriti kidogo, kwa mkono mwepesi, huwa inatosha.

Kuhusu zile diski zenye picha za waigizaji ishirini kwenye kasha, piga hesabu. Filamu ishirini ndani ya GB 4.7 ni kama MB 235 kila moja. Hapo unanunua ukungu wenye sauti. Watoto wanaotaka mapigano ya kung-fu huenda wasijali. Mtu mzima aliyelipia runinga ya inchi 43 atajuta.

Lipo pia suala la maeneo. DVD nyingi halali hufungwa kwa namba ya eneo: Uganda iko eneo la 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India, Uingereza ni eneo la 2, Marekani eneo la 1. Diski aliyokuletea shangazi kutoka London inaweza kukataliwa na deki inayofuata sheria. Deki nyingi za bei nafuu kutoka China hazijali namba hiyo. Hapa cha bei ndogo ndicho bora, na muuzaji akikuambia deki yake ni "orijino zaidi" kwa sababu ina jina kubwa, mwambie aijaribu na diski ya nje mbele yako.

Flashi na laibrari

Huyu ndiye mfalme wa sasa, kwa hiyo nitamkalia muda mrefu.

Laibrari ya filamu unaijua: chumba kando ya saluni, ukuta umejaa mabango yaliyochapwa kwa rangi kali, kompyuta moja au mbili, na hadidiski za nje zimepangwa juu ya meza nyaya zikining'inia. Kijana wa dukani hakuulizi jina la filamu kwanza. Anauliza, "VJ gani?" Mafolda yake yamepangwa kwa majina ya maVJ, kisha za Kihindi, za Kikorea, za Kinigeria, na tamthilia kwa msimu. Huku Arua wapo wateja wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, wasiotaka Kiganda. Hao huomba za DJ Afro wa Kenya au filamu za Tanzania, na laibrari yenye akili ina folda yao. Unatoa flashi, unachagua, na kwa fedha ndogo unaondoka na vitu vya wikendi nzima. Faili nyingi ni kati ya MB 700 na GB 1.5, kwa hiyo flashi ya GB 16 inabeba kumi na zaidi.

Kwa urahisi, hakuna kinachoigusa. Kinachowasumbua watu ni mambo ya kiufundi ambayo dukani hawayaelezi.

La kwanza ni jinsi flashi ilivyoformatiwa. Runinga nyingi, hasa za zamani, husoma mfumo wa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Ukitaka filamu ya picha kali yenye GB 6, kompyuta itakataa kuinakili hata kama flashi iko tupu. Ukiiformati kwa mfumo mwingine, kama exFAT au NTFS, ili ipokee, runinga nayo inaweza kukuambia haioni kitu. Kwa hiyo usinunue flashi ya GB 128 kabla ya kujua runinga yako inasoma nini.

La pili ni aina ya video. Faili mpya nyingi hubanwa kwa H.265, njia mpya ya kubana video ambayo hupunguza ukubwa sana bila kuharibu picha. Runinga isiyoijua itakupa sauti bila picha, au maandishi kwamba faili haitambuliki. Kinyume chake pia hutokea: picha inakuja, sauti haipo, kwa sababu sauti ni ya DTS, aina ya sauti ambayo runinga nyingine haziijui. Mwambie kijana wa laibrari akupe faili ya MP4 iliyobanwa kwa H.264, njia ya zamani zaidi. Na ukitumia tundu la USB lililo kwenye deki ya DVD ya zamani, elewa kwamba deki hizo mara nyingi husoma faili za aina ya AVI tu. Filamu ileile inayocheza kwenye simu yako haitacheza hapo, na si kosa la flashi.

La tatu ni virusi. Flashi moja huingia kompyuta ileile iliyoingiwa na flashi za mtaa mzima. Unafika nyumbani unakuta mafolda yote yamegeuka vijialama visivyofunguka. Tenga flashi ya filamu peke yake. Ile yenye nyaraka za shule au picha za familia isiguse meza ya laibrari kamwe.

Halafu kuna sheria, na sitajifanya sioni. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani atoe nakala na nani aitafsiri. Filamu ya Hollywood iliyowekewa sauti ya VJ bila ruhusa, ikanakiliwa kwa flashi mia, haina kibali kokote. Najua pia kwamba studio hizo hazijawahi kumuuzia mama wa Kawempe filamu zao kwa lugha anayoielewa, na pengo hilo ndilo lililozaa soko zima. Lakini kwa filamu iliyopigwa hapa hapa Uganda sina huruma hiyo. Mtengenezaji yupo, mara nyingi anauza mwenyewe; mlipe yeye.

Mwisho, flashi si ghala. Imetengenezwa kubeba vitu kutoka hapa hadi pale. Ukiiweka droo kwa miaka mingi bila umeme, chaji inayoshika kumbukumbu inaweza kufifia, na zile za bei rahisi hufa bila dalili yoyote. Filamu ya kutazama na kufuta, sawa. Video ya harusi, hapana.

Blu-ray

Nitasema wazi: kwa nyumba nyingi za Uganda sioni sababu ya kununua deki ya Blu-ray leo. Diski zake huzikuti kwenye maduka ya kawaida, utaziagiza nje, na usafirishaji pamoja na ushuru vinaweza kuzidi bei ya filamu.

Ila kuna watu wawili ninaowatenga. Wa kwanza ni mpenda picha na sauti mwenye runinga kubwa ya 4K, yaani ya nukta nyingi kuliko HD, na spika za kweli. Diski ya Blu-ray inabeba GB 25 au 50, na ile ya Ultra HD iliyotoka 2016 hufika GB 100. Video ya Blu-ray inaweza kwenda hadi megabiti 40 kwa sekunde, wakati Netflix inakuambia megabiti 5 zinatosha kwa picha ya HD. Tofauti hiyo unaiona kwenye giza, kwenye moshi, kwenye mvua, mahali ambapo picha ya mtandaoni huvunjika vipande vya miraba. Wa pili ni yule ambaye tayari ana PlayStation yenye mlango wa diski. PS3 na PS4 zinacheza Blu-ray, na PS5 yenye mlango inacheza hata ya 4K. Huyo hana haja ya deki; akipata diski mbili tatu za filamu anazozipenda, ameshaingia.

Mtandao

Netflix iliingia Afrika Januari 2016 na tangu hapo wengi tumeimba kwamba diski zimekwisha. Kwa mwenye faiba, intaneti ya waya, nyumbani Kampala au Entebbe, anayelipa ada moja ya mwezi, kweli zimekwisha. Anabonyeza, anatazama, watoto wana ukurasa wao, hakuna vumbi wala jicho la kusafisha.

Kwa anayetumia bando la simu, hesabu ni nyingine. Netflix hukadiria hadi GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi GB 3 kwa saa kwa HD. Filamu ya saa mbili kwa HD ni GB 6. Familia ikitazama filamu moja kila Ijumaa na moja Jumamosi, umeshakaribia GB 50 kwa mwezi kabla hujafungua WhatsApp. Juu ya bando lenyewe kuna kodi ya asilimia 12 ya intaneti, iliyowekwa Julai 2021 baada ya kufutwa ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya simu, utaokoa zaidi ya nusu, na kwenye kioo cha simu hutajua tofauti.

Kupakua filamu ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi na kuitazama nyumbani ni mbinu nzuri, lakini usidhani umeipata. Baadhi ya filamu zilizopakuliwa huisha saa 48 baada ya kubonyeza kucheza kwa mara ya kwanza. Nyingine huondolewa kwenye huduma mkataba na studio unapokwisha, nawe ukibaki umelipia mwezi. Na intaneti yenyewe ina mwenyewe: Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wenye flashi na DVD waliendelea kutazama.

YouTube naiweka pembeni, maana haishindani na Netflix kwa filamu kubwa bali kwa vitu vya nyumbani. Vichekesho vya Uganda, tamthilia fupi na kazi za Wakaliwood, studio ya filamu za mapigano ya mtaa wa Wakaliga, Kampala, ziko huko bila malipo ya mwezi. Ukiwa na bando dogo na mapenzi ya filamu za hapa, anzia huko kabla ya kulipia chochote.

Kwa miaka ijayo

Huko zilikotoka, diski zinafungiwa milango mmoja baada ya mwingine. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta mwaka 1998, ilituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme Marekani, liliacha kuuza filamu za diski mwaka 2024. Samsung iliacha deki mpya za Blu-ray mwaka 2019, na Sony ikasimamisha diski tupu za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Diski za filamu zenyewe bado zinachapwa kwa wanaozipenda, lakini soko linageuka la wakusanyaji.

Huku kwetu maana yake ni deki. Kama una rafu ya DVD unazozithamini, nunua deki ya pili sasa ukiwa bado unaikuta kwa bei ya kawaida, uifunge kwenye boksi lake. Flashi naiona ikihamia ndani ya simu: vijana tayari wanarushiana filamu simu kwa simu bila bando, na laibrari nyingi hujaza kadi ya memori haraka kuliko flashi. Mtandao utachukua wenye mishahara mijini. Siamini utaiua laibrari mpaka huduma halali zianze kuwalipa maVJ na kuweka sauti zao kama chaguo la lugha, sawa na Kifaransa au Kihispania. Kitaalamu hilo ni jambo dogo sana. Kilichokosekana ni mtu wa kusaini mkataba.

Nakala nyingi mahali pengi ndizo zinazoifanya filamu iishi, na mfano uko Wakaliga. Filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inajulikana duniani kwa toleo lenye sauti ya VJ Emmie. Toleo la awali lisilo na VJ limepotea. Ikiwa hilo limeipata filamu maarufu kiasi hicho, video ya kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya dada yako iliyo kwenye flashi moja ina ulinzi gani? Iweke kwenye hadidiski mbili, nyumba mbili tofauti, na uziwashe mara moja moja kuona kama zinasoma.

Basi, nikilazimishwa kuchagua: nyumba ya watoto wengi, umeme wa kubahatisha na mapenzi ya VJ, chukua runinga yenye USB na flashi mbili. Wazee wanaotaka kitu cha kuweka na kubonyeza bila menyu, deki ya DVD na diski za kiwandani. Mwenye faiba, huduma moja ya mtandao, si tatu. Lipia moja miezi mitatu, ikatishe, hamia nyingine. Blu-ray ni ya mwenye PlayStation au mwenye spika za kutikisa mabati ya jirani.

Na ukienda kununua runinga, beba flashi ya exFAT au NTFS yenye faili tatu: MP4 ya H.264, moja ya H.265, na moja inayozidi GB 4. Mwombe muuzaji aichomeke kabla hujatoa pesa. Ikicheza zote tatu, mlipe. Ikikataa ya H.265, omba apunguze bei au akupe ya pembeni yake.